Deni Wanalolipa Wasiolikopa

Julai 2009 jimbo la California liliidhinisha mkopo wa dola milioni 13 kwa wilaya ndogo ya shule za sekondari ya King City, na papo hapo likaivua bodi yake mamlaka. Wajumbe waliochaguliwa na wananchi wakabaki na viti bila kauli. Mtu mmoja aliyeteuliwa na serikali ya jimbo akakabidhiwa kazi zote mbili, ya bodi na ya mkurugenzi: kuajiri, kupunguza, kuidhinisha bajeti, na kusema neno la mwisho. Hali ikawa hiyo mpaka 2016, bodi iliporudishiwa madaraka yake. Mkopo wenyewe ulipangwa ulipwe kwa miaka 20.

Nimeichagua wilaya hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo watunga sera wa elimu wa California wamelikwepa muda mrefu. Jimbo lina wajibu wa kikatiba wa kumhakikishia kila mtoto shule. Likishautimiza wajibu huo, linamwandikia mtoto yuleyule bili, na riba juu yake. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na mahali penyewe. King City iko kusini mwa Bonde la Salinas, kaunti ya Monterey, kilomita kama 75 kutoka mji wa Salinas kwa barabara kuu ya 101. Ni nchi ya mboga: letusi, brokoli, koliflawa, mashamba yaliyonyooka mpaka miguuni mwa milima. Wilaya ina shule kuu mbili za sekondari, moja King City na nyingine Greenfield, mwendo wa kilomita 20 hivi kuelekea kaskazini, pamoja na shule ndogo ya wanafunzi walioachwa nyuma kimasomo. Wanafunzi ni elfu mbili na kitu. Walio wengi ni watoto wa Walatino, na wazazi wengi ni vibarua wa mashambani. Nyumbani kinasemwa Kispania, na huko Greenfield ziko familia zilizotoka Oaxaca, Meksiko, ambazo hata Kispania kwao ni lugha ya pili baada ya Kitriqui au Kimixteco. Baada ya mkopo wilaya ilibadilishwa jina, sasa inaitwa South Monterey County Joint Union High School District.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma asiifikirie wilaya hii kama ofisi ya mkuu wa wilaya. Kule Marekani wilaya ya shule ni chombo cha serikali kinachojitegemea, chenye mipaka yake, bodi yake ya kuchaguliwa kwa kura na vitabu vyake vya hesabu. Kinaajiri walimu chenyewe na kutia saini mkataba na chama chao chenyewe. Mkuu wa shule ya sekondari Kenya hupangiwa walimu na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na Bodi ya Usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haina sauti juu ya mishahara ya walimu hao. Fedha za mgawo zikichelewa kutoka Nairobi, wazabuni wa mahindi na maharagwe ndio wanaobeba mzigo. California mambo ni kinyume. Mishahara na marupurupu hula asilimia 80 au zaidi ya bajeti ya wilaya, na uamuzi wa kiwango chake hupigiwa kura na wanakijiji watano au saba, jioni, wakitoka kazini.

California ina wilaya za shule zinazokaribia elfu moja. Zile zinazoendesha sekondari peke yake hazifiki mia, na tatizo lao la kwanza ni kwamba hawamlei mtoto tangu mwanzo. King City inapokea wanafunzi kutoka wilaya sita za shule za msingi: King City Union, Greenfield Union, San Lucas, San Ardo, Bradley na San Antonio. Kila moja ina bodi yake na mkurugenzi wake, inachagua vitabu vyake vya hisabati na mpango wake wa kufundishia Kiingereza. Baadhi hazifikishi wanafunzi 200. Mtoto anaingia darasa la 9 akiwa na miaka 14. Kama hajaelewa sehemu na desimali, kosa lilitokea miaka mitano nyuma, chini ya bodi nyingine ambayo wapiga kura wake ni sehemu tu ya wapiga kura wa sekondari.

Halafu unakuja upimaji. Tangu 2015 mtihani wa jimbo wa Kiingereza na hisabati katika sekondari hufanywa na darasa la 11 pekee. Shule ya msingi hupimwa kuanzia darasa la 3, kila mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuona mtoto alianzia wapi na amefika wapi. Sekondari ina picha moja tu, ya kundi moja, mwaka mmoja. Shule yenye wanafunzi 250 wa darasa la 11 ikipata familia ishirini zilizohamia mwaka huo kutoka Oaxaca, wastani unashuka, na gazeti linaandika kwamba shule imeporomoka. Mwaka unaofuata wastani unapanda, na mkurugenzi anapigiwa makofi. Kati ya miaka hiyo miwili huenda ndani ya darasa hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana anayetaka kuijua shule ya namna hii simshauri aanze na alama za mtihani. Aanze na ratiba ya masomo. California inamruhusu mwanafunzi kuhitimu kwa masharti ya chini kabisa ya jimbo: miaka 3 ya Kiingereza, 2 ya hisabati, 2 ya sayansi, na mengineyo. Lakini anayetaka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo, Chuo Kikuu cha California (UC) au Chuo Kikuu cha Jimbo la California (CSU), lazima awe na kozi 15 za mwaka mzima, zikiwemo miaka 4 ya Kiingereza, 3 ya hisabati na 2 ya lugha nyingine, zote kwa alama ya C au zaidi. Shule inaweza kujivunia kwamba karibu kila mtu amehitimu, huku nusu ya wahitimu mlango wa chuo kikuu umefungwa tangu walipokuwa darasa la 10, pale waliposukumwa kwenye kozi ya hisabati isiyohesabiwa. Katika shule ndogo hili halihitaji nia mbaya ya mtu yeyote. Mwalimu wa fizikia ni mmoja. Akihamia Salinas kwenye mshahara mzuri zaidi, somo linakufa, na ratiba inajazwa na kilichopo. Bodi yenye macho huuliza swali moja kila Agosti: ni kozi gani mwaka huu hatutoi, na ni wanafunzi gani wamekosa nafasi kwa sababu hiyo? Jibu la swali hilo linaeleza utendaji wa wilaya ndogo kuliko rangi zote tano za ubao wa takwimu ambao jimbo limekuwa likiuchapisha tangu 2017.

Sasa hela, kwa sababu hapo ndipo King City ilipovunjikia.

Wilaya hulipwa kwa mahudhurio, si kwa uandikishaji. Mtoto aliyeandikwa lakini hayupo darasani haleti kitu. Kipindi kinachotumika kwa hesabu kuu ya mwaka kinaanza Julai na kufungwa kati ya Machi na Aprili. Na Bonde la Salinas lina kalenda yake: ikifika Novemba, letusi inahamia Yuma, Arizona, na makampuni yanahamisha mitambo na watu. Sehemu ya familia zinafuata kazi na kurudi majira ya kuchipua. Watoto wao wanakosekana katika miezi ileile inayohesabiwa. Shule haiwezi kumfukuza mwalimu Novemba na kumrudisha Aprili. Taa zinawaka, basi linatembea, mshahara unatoka.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme wilaya ina wanafunzi 2,000 na kila mmoja analeta dola 12,000. Mapato ni dola milioni 24. Kwa wilaya ya ukubwa huo jimbo linataka akiba isiyopungua asilimia 3 ya matumizi, yaani kama dola 720,000. Gawanya kwa 12,000: wanafunzi 60. Wilaya ikipoteza wanafunzi 60, akiba nzima imekwisha ndani ya mwaka mmoja. Na hao 60 hawaondoki darasa moja kwa pamoja. Wametawanyika katika madarasa manne ya shule mbili, saba hapa, wanane pale. Darasa la watu 31 linakuwa la watu 29. Hakuna mwalimu unayeweza kumpunguza kwa hilo, hakuna basi unaloweza kuliegesha. Mapato yameshuka, gharama zimebaki palepale. Wakati huohuo mishahara inapanda yenyewe kila mwaka kwa sababu ngazi za walimu zimeandikwa katika mkataba. Wilaya kubwa yenye shule hamsini hufunga shule moja au kuunganisha mbili. Maumivu yapo, ila njia ipo. Mwenye shule mbili katika miji miwili tofauti afunge ipi?

Bodi pia haina mlango wa kuongeza mapato. Tangu kura ya maoni ya Juni 1978, ile inayoitwa Proposition 13, kodi ya msingi ya ardhi na majengo imefungwa kwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na thamani hiyo haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Wilaya ikitaka kodi yake ya ziada kwa kila kiwanja, inahitaji theluthi mbili ya kura. Dhamana za ujenzi, yaani mikopo ya kujengea shule, zinapita kwa asilimia 55, lakini fedha zake haziruhusiwi kulipa mshahara. Matokeo yake ni kwamba bodi inachaguliwa kusimamia matumizi ambayo mapato yake yanaamuliwa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Mwaka 2008 na 2009 uchumi ulipoanguka, Sacramento ilikata fedha za shule katikati ya mwaka na kuchelewesha zilizobaki. Wilaya zenye akiba nene zilivumilia. King City haikuwa nayo.

Simaanishi kwamba bodi haikuwa na hatia. Bajeti inayokwenda mrama huonyesha dalili miaka miwili au mitatu kabla, na sheria ya California imeweka vituo vya kuzikagua. Mara mbili kwa mwaka, Desemba na Machi, kila wilaya hutoa taarifa ya fedha na kujipa cheti chake mbele ya umma: itaweza kulipa madeni yake mwaka huu na miwili ijayo, huenda isiweze, au haitaweza. Kabla ya kupitisha mkataba wa mishahara, gharama zake lazima zitangazwe, na tangu 2004 mkurugenzi na mhasibu mkuu wanatakiwa kuthibitisha kwa saini kwamba zitalipika. Mjumbe wa bodi asiyesoma kurasa hizo amesaliti kazi aliyoiomba. Hapo sina huruma.

Ila tuangalie anasoma katika mazingira gani. Ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla, kwa sheria ya vikao vya wazi ya 1953. Pamoja nayo huja furushi la nyaraka, na taarifa ya fedha peke yake inaweza kuzidi kurasa mia, imejaa misimbo ya akaunti. Mjumbe ni fundi wa mitambo ya umwagiliaji, au nesi, au mwalimu mstaafu. Posho yake, kama ipo, ni kidogo. Siku ya kikao ukumbi unajaa kwa sababu ya kocha wa mpira aliyeachishwa au rangi ya jezi. Kila mzungumzaji ana dakika tatu. Taarifa ya fedha inafika saa nne usiku, viti vitupu, na mhasibu anasema kwa sauti ya kuchoka kwamba hali ni ngumu lakini inadhibitika. Katika wilaya ndogo huyo mhasibu huwa mmoja. Akikosea, hakuna wa pili wa kumkagua kabla karatasi haijafika mezani. Wilaya kubwa ina idara nzima. Huu ndio udhaifu wa udogo, na mafunzo ya siku mbili hotelini hayautibu.

Na wapiga kura ni akina nani? Uchaguzi wa bodi ni wa raia. Katika miji ya vibarua wa mashambani wazazi wengi si raia, ingawa watoto wao walizaliwa hapohapo. San Francisco iliwaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya shule baada ya kura ya maoni ya 2016, na walianza kuitumia haki hiyo 2018. Bonde la Salinas halina kitu kama hicho. Kwa hiyo bodi ya shule zenye watoto wa vibarua inaweza kuchaguliwa na watu ambao watoto wao walimaliza zamani, au hawakusoma hapo kamwe. Kilichobaki kwa wazazi hao ni kamati za wazazi wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza: shule yenye wanafunzi 21 wa aina hiyo lazima iwe nayo, na wilaya yenye 51 lazima iwe na ya kwake. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa 2013, mkurugenzi anatakiwa kuijibu kamati ya wilaya kwa maandishi. Ningekuwa mzazi wa Greenfield, hayo majibu ya maandishi ndiyo ningeyadai kwanza, kwa Kispania, na ningeyahifadhi. Ni karibu karatasi pekee ambayo mzazi asiye na kura anaweza kumshikia mkurugenzi.

Nirudi kwenye deni. Mwaka 1991 wilaya ya Richmond, upande wa pili wa ghuba kutoka San Francisco, iliishiwa fedha na kutangaza itafunga shule wiki sita kabla ya mwaka kwisha. Mzazi mmoja, Thomas Butt, pamoja na wenzake, walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu Kabisa ya California iliamua Desemba 1992 kwamba jimbo haliwezi kujificha nyuma ya wilaya: elimu ni wajibu wa jimbo, na mtoto wa Richmond hawezi kunyimwa wiki sita ambazo watoto wa kwingine wanapata eti kwa sababu bodi yake imekosea hesabu. Ni hukumu ya heshima. Mwaka uleule wa mgogoro bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyompa mkurugenzi wa elimu wa kaunti uwezo wa kukagua na kukataa bajeti za wilaya, na kuunda kikosi cha kuokoa wilaya zilizokwama, kinachojulikana kwa kifupi FCMAT.

Lakini msaada uliozaliwa hapo uliundwa kama mkopo wa benki. Wilaya ikiomba zaidi ya mara mbili ya akiba inayopaswa kuwa nayo, inapoteza madaraka. Inalipa mkopo, riba, mshahara wa msimamizi aliyetumwa na gharama za ukaguzi. Kurudishiwa bodi kunategemea alama: kikosi kinakagua maeneo matano, utawala na uhusiano na jamii, watumishi, ufaulu, fedha na majengo, kwa kipimo cha 0 hadi 10.

Linganisha mizigo. Oakland ilipokwama 2003 iliidhinishiwa dola milioni 100, ikiwa na wanafunzi wapatao 50,000. Ni dola 2,000 kwa kila mwanafunzi. King City, milioni 13 kwa wanafunzi elfu mbili na kidogo: zaidi ya dola 6,000 kwa kila mmoja, mara tatu ya Oakland. Marejesho yanazidi dola milioni moja kila mwaka. Kwa wilaya ya ukubwa huo hiyo ni mishahara ya walimu kama kumi. Rudi kwenye ratiba: mwalimu wa pili wa fizikia, mwalimu wa kemia, mshauri wa kuwaeleza wanafunzi wa darasa la 9 ni hisabati ipi inahesabiwa chuoni. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2009, mkopo ulipotiwa saini, aliingia darasa la 9 mwaka 2023. Deni lilikuwa bado linamngoja.

Mwaka 2018 bunge lilibadilisha utaratibu. Usimamizi wa wilaya zinazoanguka ukasogezwa kutoka Sacramento kwenda kwa mkurugenzi wa kaunti, anayezifahamu shule zake kwa karibu zaidi. Hilo lilikuwa sahihi. Sheria hiyohiyo ikaweka fedha za ruzuku, si mkopo, kuzisaidia Oakland na Inglewood kuziba pengo la bajeti. King City haikuwamo. Oakland na Inglewood zilistahili, sina kinyongo nazo. Lakini wilaya iliyoelemewa zaidi kwa kila kichwa iliachwa nje, na sababu ninayoiona ni moja: mji mkubwa una wabunge wengi na magazeti mengi, na bonde la letusi lina wachache.

Wapo wanaosema mkopo ukisamehewa, bodi zitatapanya zikijua jimbo litalipa. Ni hoja nzito na inastahili jibu. Adhabu inazuia kosa pale inapomwangukia mkosaji. Wajumbe wa bodi ya 2009 walipoteza madaraka, ndiyo, na kwa haki. Mkopo hawakuulipa wao. Walioulipa ni bodi zilizofuata, walimu walioajiriwa baadaye, na watoto. Hakuna mjumbe anayelala macho wazi akihofia bajeti ya mwaka 2025 anapopigia kura mkataba wa 2007. Na kuna mtu mwingine aliyekuwa na uwezo wa kuzuia mapema: kaunti. Tangu 1991 ilikuwa na mamlaka ya kukataa bajeti, kutuma mshauri wa fedha, hata kusitisha uamuzi wa bodi. Wilaya ikifika mahali pa kukopa milioni 13, ukaguzi wa kaunti umeshindwa pamoja nayo. Mbona kaunti hailipi hata senti ya riba?

Nimeona pia watu wakipendekeza dawa ya kuunganisha: wilaya sita za msingi na moja ya sekondari ziwe moja. Naiunga mkono kimsingi, kwa sababu bodi moja ingemwajibikia mtoto kuanzia chekechea mpaka darasa la 12 na kisingizio cha "tulimpokea hivyo" kingekufa. Ugumu wake nao ni wa kweli. Walimu wa sekondari kwa kawaida wana ngazi ya mshahara iliyo juu. Mkiungana, chama kitadai wa chini wapandishwe, na akiba inayotarajiwa inayeyuka. Kuna kamati ya kaunti ya mipaka, bodi ya elimu ya jimbo, kisha kura ya wananchi. Na ni mzazi gani wa San Ardo atakayekubali kurithi deni la King City? Deni lenyewe ndilo linalozuia dawa yake.

Ndani ya kaunti hiyohiyo ya Monterey, upande wa bahari, iko Carmel. Nyumba zake ni ghali kiasi kwamba kodi ya ardhi peke yake inazidi kiwango ambacho jimbo lingeipa wilaya yake ya shule, na sheria inairuhusu kubaki na ziada. Carmel haitegemei hisani ya Sacramento, wala mwanafunzi akihamia kwingine haipungukiwi, kwa sababu mapato yake hayahesabiwi kwa vichwa. Bodi yake inaweza kukosea mara kadhaa na bado shule ikaendelea. Mboga zinazopikwa katika mikahawa ya Carmel huenda zilivunwa na mzazi wa Greenfield. Mfumo wa 2013 umesaidia: kwa kila mwanafunzi maskini, anayejifunza Kiingereza au aliye katika malezi ya serikali, wilaya hupata asilimia 20 ya ziada, na zaidi tena pale wanapozidi asilimia 55 ya wanafunzi wote, nyongeza hiyo ya pili ilipandishwa mwaka 2021 kutoka asilimia 50 hadi 65. King City inastahili zote mbili. Kwa hiyo jimbo linatoa kwa mkono mmoja ili mwanafunzi maskini apate mwalimu, kisha kwa mkono wa pili linachukua zaidi ya milioni moja kila mwaka kutoka akaunti ileile.

Nisemalo kwa bunge la Sacramento ni dogo na linatekelezeka. Riba yote iliyobaki ifutwe, kwa sababu jimbo halipaswi kupata faida kwa kutimiza wajibu wake wenyewe. Kinachobaki cha mkopo wa msingi kigeuzwe ruzuku yenye sharti: kila dola iliyosamehewa iende kwenye kozi zinazohesabiwa na vyuo vikuu, na bodi itangaze kila Agosti, kwa Kiingereza na Kispania, kozi zilizokosekana na idadi ya wanafunzi walioathirika. Kwa wilaya zote zisizofikisha wanafunzi 2,500, kaunti igharimie mhasibu wa pili asiye mwajiriwa wa wilaya, mwenye haki ya kuzungumza mbele ya bodi mwanzoni mwa kikao, kabla ya habari za kocha, ukumbi ungali umejaa.